Kigoda Namba Arobaini na Moja

Kama si mwandiko wake, Winfrida asingekanyaga ndani ya lile ghala la zamani la kahawa, na Ambilikile angebaki kuwa kwake mwanamume mrefu tu anayepita sokoni Tukuyu na boksi begani. Lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kulala kidogo kulia. Aliupatia darasani jioni, baada ya kutwa nzima ya kuchuma chai, mtoto amelala mgongoni na vumbi la chaki linamwingia puani. Kidato cha nne alikimaliza hivyohivyo, akiwa na miaka ishirini na tano, na siku matokeo yalipotoka alimbeba Atuganile wake juu akamzungusha mpaka wote wawili wakaona kizunguzungu.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba, na Winfrida alikuwa ghalani akiandika kadi ya kitambaa cha sufu kilichofumwa na bibi mmoja wa milimani huko Peru. Alipenda kazi hii kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Rafu za ghala zilijaa vitu vya watu wa kale wa kila pembe ya dunia. Palikuwa na kinyago cha chui kutoka Meksiko, kufuli la mbao la Mali lenye umbo la mamba, na kikapu cha gome la mti kilichosukwa Finlandi, nchi ambayo Winfrida aliambiwa baridi yake ingewafanya hata watu wa kwao Isongole, kwenye baridi ya milimani, wajione wanaishi pwani. Ambilikile alianza na kitambaa kimoja cha Kasai, enzi akiendesha malori ya Kongo. Kimoja kikaita kingine. Akajuana kwa simu na wenye kichaa kama chake, wakawa wanabadilishana, wewe nipe kikapu mimi nikupe kinyago, mpaka akaacha lori na kukodi ghala ili watu wanaokwenda kuona ziwa Masoko wapitie hapo.

"Usinitazame," Winfrida alisema bila kuinua kichwa. "Kalamu itateleza."

"Sikutazami wewe. Natazama mwanga."

"Na huo mwanga umekaa wapi?"

"Shavuni kwako," Ambilikile alijibu, akaendelea kukifuta vumbi kinyago kwa brashi laini kama vile hakusema kitu.

Winfrida aliuma kucha ya kidole gumba ili asicheke. Jumatano mwanamume huyu alikuwa amemwomba amuoe. Hakupiga magoti wala hakuleta maua; alisimama tu katikati ya vinyago, mikono imemning'inia, akasema amechoka kufunga ghala jioni na kumwona akishuka mteremko peke yake na mtoto. Moyo wa Winfrida ulisema ndiyo palepale. Mdomo wake ukasema subiri. Alitaka kwanza wazazi wa Ambilikile wasikie habari za Atuganile, wazisikie kutoka kinywani mwa mtoto wao na si kwa watu wa sokoni. Wakakubaliana kwamba Jumapili, baada ya ibada, wataenda wote kwa wazazi hao, Masoko.

Pikipiki ilikohoa nje, ikanyamaza. Aliyeingia alikuwa mzee mwenye koti zito, kofia, mwavuli na buti za mpira zenye tope hadi magotini. Ambilikile alikuwa ameingia chumba cha nyuma. Winfrida alibakiza neno moja tu kwenye kadi, akaona alimalize kwanza.

"Shikamoo baba. Karibu sana, jisikie uko nyumbani," alisema, kalamu ingali mkononi.

Mzee hakuitika. Alikuwa akitazama chini, palipokuwa na kigoda alichokalia Winfrida, kigoda cheusi cha gogo moja, chenye miguu mitatu iliyong'arishwa na miaka mingi ya moshi wa jikoni.

Ambilikile alipotokea na kumwona, brashi ilimtoka mkononi.

"Tata," alisema. Na kwa neno hilo la Kinyakyusa, la kumwita baba, Winfrida alijua mgeni huyu ni nani, akasimama kama aliyekalia kaa la moto.

Mzee Asukile alisema kwamba wiki mbili sasa anazunguka ua wake akitafuta mahali pa kukaa. Ambilikile akamkumbusha, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa na sukari, kwamba alimpelekea kiti kizuri cha sofa.

"Kile kinanimeza," mzee alisema. "Nikikaa, mpaka mama yako aje anivute." Halafu akamgeukia Winfrida. "Binti, miwani yangu imebaki nyumbani. Nisomee hiyo karatasi iliyofungwa mguuni pa kigoda."

Winfrida aliinama. Maneno alikuwa ameyaandika mwenyewe, wiki iliyopita, tena kwa wino bora. "Namba arobaini na moja," alisoma. "Kigoda cha mzee wa Kinyakyusa. Masoko, Rungwe. Umri zaidi ya miaka themanini."

"Kina miaka sabini na tisa. Nilichongewa nilipozaliwa." Mzee aliinua macho akayapitisha kwenye rafu, taratibu, kutoka kinyago hadi kinyago. "Na hawa wengine wenye namba, wenyewe wako wapi?"

Ambilikile aliinama kuokota brashi. Winfrida ndiye aliyejibu, kwa sababu hakuzoea kumwacha mtu mzima akining'inia na swali.

"Wengi wao walishafariki, baba."

"Ndaga fijo kwa kuniambia ukweli." Alishukuru hivyo kwa Kinyakyusa, na hakuonekana kutania. "Basi mimi ni marehemu wa arobaini na moja. Nilikuwa sijapata habari."

Ambilikile alijaribu kuokoa jahazi. Akasema, kwa haraka mno, kwamba huyu ndiye Winfrida, kwamba kesho alitaka kumleta nyumbani, kwamba mama anajua. Hapohapo Atuganile, mwenye miaka minne na asiyejua mambo mazito, alitoka nyuma ya vikapu akiwa amevaa kimoja kichwani.

"Na huyu?" mzee aliuliza.

"Ni mwanangu," Winfrida alisema. Hakuishusha sauti. Hakuwahi kuishusha kwa neno hilo, na hakuona sababu ya kuanza leo.

Mzee Asukile alimtazama mtoto, akamtazama mama, kisha akasema na kijana wake peke yake, kama vile wengine ni vinyago. "Mkamwana wangu hawezi kuwa ameketi hapo. Unajua, na kama hujui basi nililea kisiki. Kigoda kimekaliwa. Mtoto kazaliwa. Wewe, Ambilikile, kila kitu unakichukua kikiwa kimeshatumika."

Alifungua mwavuli humo humo ndani, akatoka. Kigoda hakukibeba.

Neno lile lilimwingia Winfrida mahali ambapo alidhani pameshapona. Alimvua Atuganile kikapu kichwani, akakirudisha kwenye rafu yake, akahakikisha kimekaa sawa.

Ambilikile alikuja nyuma yake. Akasema baba ni mtu wa zamani, siku hizi watu wanakumbatiana na wakwe zao kwenye sherehe na kupiga picha. Akasema wanaweza kufunga ndoa tu, wazee wapende wasipende, wahamie Mbeya. Alisema mengi. Mkono wake ulitua begani kwa Winfrida, na Winfrida, jamani, aliutaka ukae pale. Aliutaka sana. Aliuondoa polepole kama mtu anayemwondoa kifaranga kitandani.

"Kigoda hiki uliniambia ni cha nani?"

"Nilikuambia ni cha Masoko."

"Hukuniambia mwenyewe yuko hai."

Hapo Ambilikile alikaa chini kwenye sakafu, mgongo kwenye rafu, na ukweli ukamtoka. Alisema babu yake alipofariki yeye alikuwa na lori mpakani, siku tisa kwenye foleni. Aliporudi, mkuki wa babu, kibuyu chake cha maziwa na bangili zake za shaba, vyote vilikuwa vimetupwa kwenye moto wa takataka au kuuzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Bangili moja aliipata kwenye jivu. Ndiyo aliyoipa namba moja, ingawa kitambaa cha Kasai kilitangulia, ile pale, kwenye kisanduku cha kioo. Tangu siku hiyo anaogopa. Aliona mchwa wameanza kuzunguka jiko la baba, akaona kigoda, akakichukua mzee alipokuwa msibani Kisondela.

Winfrida alimsikiliza hadi mwisho. Alimpenda zaidi alipomaliza kuliko alipoanza, na hilo lilizidi kumkasirisha.

"Unajua tatizo lako?" alisema. "Wewe unapenda vitu vikishanyamaza. Baba yako hajanyamaza. Na mimi sijanyamaza, na mwanangu ndiyo kabisa, anaongea mpaka usingizini. Ukitaka kutuweka sisi, hutatuweka kwenye rafu."

"Sijawahi kukuona hivyo."

"Basi mwambie baba yako hivyo. Mimi umenifanya niandike namba ya mtu anayepumua, kwa mkono wangu, kisha nikakalia heshima yake nikimwambia ajisikie yuko nyumbani." Alichukua mkasi mezani, akapiga magoti, akakata uzi wa karatasi. "Kesho utakibeba kichwani. Si kwenye pikipiki. Tukishuka barabarani, unatembea nacho mpaka uani kwake, watu wakikuona."

"Na wewe?"

"Mimi najua pa kupita."

Jumapili mawingu yalikuwa chini, yakigusa migomba. Kutoka barabarani hadi kwa Mzee Asukile ni mwendo wa nusu saa, na ilikuwa saa ambayo wanakwaya wanarudi nyumbani. Mama mmoja alimuuliza Ambilikile kama amefukuzwa na mke kabla hajaoa. Mwingine akataka kujua bei ya hicho kigoda, akaambiwa hakiuzwi, akasema basi ashushe shingo apumzike, kwani anatembea kama twiga kwenye harusi. Ambilikile alicheka nao na hakukishusha. Winfrida alikuwa hatua kumi nyuma, ameshika mkono wa Atuganile, amevaa kitenge chake cha bluu na kandambili za bluu, na khanga mpya begani. Alitembea kama mtu anayekwenda kuchukua cheti chake.

Usiku uliotangulia alikuwa amemkumbuka bibi yake wa Isongole. Bibi aliolewa zamani, enzi ambazo mke wa kijana hakutanishi macho na baba mkwe wake, hamtaji jina, hakai anapokaa. Akimsikia anakohoa njiani, anatua ndoo na kuingia mahindini, anainama amempa mgongo mpaka mzee apite, naye bila kumtazama. Miaka thelathini, bibi alikuwa akisimulia, simjui uso, namjua kikohozi. Winfrida mdogo alikuwa akicheka mpaka machozi. Bibi hakucheka. Alisema ile ndiyo ilikuwa njia yake ya kumwambia yule mzee, kila siku, kwamba yeye ni wa nyumba hiyo.

Walipofika kwenye kona ya mwisho, kikohozi kilisikika. Winfrida aliachia mkono wa mtoto. Aliacha njia, akaingia katikati ya migomba, akachuchumaa, akageuza mgongo, akajifunika khanga kichwani.

"Winfrida," Ambilikile alinong'ona, kigoda kikimyumba, "hakuna anayefanya hivyo siku hizi."

"Ndiyo maana ataona."

Tope lilikuwa baridi chini ya vidole vyake. Hakuona kitu ila mashina ya migomba. Akawa wa masikio tu. Alisikia kigoda kikitua ardhini. Alisikia magoti ya Ambilikile yakifuatia. Alimsikia akisema alikichukua bila ruhusa, kwa woga, na kwamba Winfrida hakujua kigoda ni cha nani. Akasema pia kwamba mtoto ni wa Winfrida na yeye anamtaka mtoto kama anavyomtaka mama, na kwamba haya yote alipaswa kuyasema Jumatano. Sauti yake haikukatika. Vizuri, Winfrida alijisemea, vizuri mpenzi wangu.

Bila shaka mzee alikuwa akipapasa mguu wa kigoda, akitafuta karatasi.

"Imeenda wapi?"

"Ameikata yeye."

"Na mwandishi mwenyewe yuko wapi?"

Ambilikile atakuwa alionyesha kwa kidevu. Buti za mpira zilipiga hatua mbili kuelekea migombani, hatua za mtu aliyejiandaa kusema maneno. Winfrida aliikaza khanga kichwani. Kisha buti zile zikagota ghafla, zikazunguka, zikatulia.

Kikasikika kicheko cha mwanamke, kicheko kinene kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa Mama Monica, mama yake Ambilikile, na alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Baba Ambilikile," alisema, "mbona umegeuka?"

"Nimegeuka nini?"

"Umempa mgongo. Na kofia umeishusha machoni. Jana ulirudi hapa ukasema si mkweo, ukakataa hata ndizi zangu. Kama si mkweo, mtazame basi. Nenda kamtazame usoni, nani anakuzuia?"

Mzee Asukile hakwenda. Miguu ilikuwa imemgeuza kabla moyo haujaulizwa, kama ilivyofundishwa na baba yake na baba wa baba yake. Sasa alisimama pale, kofia machoni, amekamatwa na adabu yake mwenyewe. Alinung'unika kwamba binti alikikalia kigoda. Hakuna aliyesahau hilo.

"Alikikalia akiwa karani," Mama Monica alisema, na sasa hakucheka tena. "Leo ameinama akiwa mkwe. Mimi nilimwinamia baba yako miaka kumi na miwili, najua kunavyouma mgongo. Usimchoshe."

Hapo ndipo Winfrida alipotambua kwamba hakuwa amemshika mtoto. Atuganile, ambaye hakuna mtu aliyemfundisha kuogopa kofia, alikuwa amefika uani.

"Babu, hiki ni chako?" aliuliza.

"Ni changu."

"Mama alikikalia kwa bahati mbaya. Jana alilia kidogo. Akanikataza kusema."

Winfrida alifumba macho chini ya khanga. Mtoto huyu, jamani. Halafu akasikia sauti anayoijua vizuri, ya makalio madogo yakijipweteka juu ya mbao. Alitaka kuinuka, alitaka kupiga kelele, mwanangu toka hapo. Hakuweza, aliyeinama haruhusiwi kuinuka. Akasubiri radi.

"Miguu yako haifiki chini," mzee alisema.

"Itafika nikikua."

"Itafika." Kikohozi kikapita, kirefu kuliko haja. "Mjukuu akikaa hapo, hakuna ubaya. Mjukuu na babu hawana mwiko. Waulize wote." Kisha mzee akaanza kusema na hewa, kwa sauti kubwa ya mtu anayetaka kusikika na mtu ambaye hasemi naye. "Mvua inakuja. Migomba hiyo inavuja, naijua, niliipanda mimi. Mtu akiwa huko apite nyuma ya nyumba, kuna mlango wa jikoni, na kuna chai. Mimi nakaa hapa na mjukuu wangu, natazama barabara. Sitageuka."

Tone la kwanza lilimwangukia Winfrida shingoni. Aliinuka, magoti yote tope, akazunguka nyuma ya nyumba akiwa ameinamisha kichwa. Alipopita kwenye pengo kati ya jiko na ukuta aliona, kwa pembe ya jicho, mgongo wa koti zito kwenye kiti cha sofa kilichotolewa chini ya upenu, na pembeni yake, juu ya kigoda cheusi, mgongo mdogo wenye gauni la njano. Mdogo alikuwa akizungumza. Mkubwa alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Ambilikile alikuwa mlango wa jikoni. Mama Monica alijifanya ana shughuli na sufuria na akawapa mgongo pia, kwani siku hiyo ilikuwa ya migongo. Ambilikile alimfuta Winfrida tope la gotini kwa kitambaa chake, kwa upole uleule aliotumia kwa vinyago. Halafu akasita, akakitupa kitambaa na kumfuta kwa kiganja.

"Sikukujibu vizuri jana," alisema chini chini. "Na wewe Jumatano hukunijibu kabisa."

"Nimeshajibu."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nimemjibu baba yako, kule migombani," Winfrida alisema, akavuka kizingiti. "Wewe si ulikuwa umepiga magoti hapohapo?"